Mkubwa, Ingia Tu

Kabla sijajua kwamba makanga wa matatu iliyokuwa nyuma yangu ameshuka, tayari alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, akisikiliza kama injini inanguruma. Ilikuwa inanguruma. Akaja dirishani, akagonga kioo kwa pete.

"Mkubwa, gari imezima?"

"Haijazima."

"Mafuta imeisha?"

"Mafuta yapo."

Akatazama mbele, pale leni yetu ilipokuwa ikizidi kuwa nyembamba hadi kumezwa na Thika Road, kisha akanigeukia. "Sasa unangoja nini?"

"Nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Swali hilo linaniuma mpaka sasa. Tangu jana nimelijibu bafuni, nimelijibu dukani nikingoja chenji, nimelijibu kwa sauti nikipita watu, wakanigeukia, na kila jibu lilikuwa kali kuliko lililotangulia. Pale Roysambu sikuwa na hata moja. Aliyejibu kwa niaba ya ukoo ni Shangazi, aliyeketi kando yangu na mkoba mapajani, akielekea stesheni ya treni ya SGR kurudi kwake Mombasa. "Muulize wewe, mwanangu," akamwambia makanga. "Mimi nimemuuliza tangu tulipofika hapa."

Makanga akamwonea huruma. Yeye, si mimi. "Shosho, shikilia," akasema, akatembea hadi ukingo wa barabara kuu akiitazama kwa jicho la mwenye mali. Ikatokea matatu ya sacco yao, akaipigia mbinja. Ikapunguza mwendo, na yote yaliyokuwa nyuma yake yakalazimika kupunguza. Leni nzima ya Thika Road ilikuwa imezuiwa kwa vidole viwili na ulimi. "Mkubwa, ingia tu!"

Nikaingia. Kwenye matatu iliyokuwa nyuma yangu watu walikuwa wamefungua madirisha ili waone vizuri, na mtu mmoja akapiga makofi. Shangazi aliwapungia mkono.

Naomba ieleweke kwamba sikuvunja sheria hata moja. Mwisho wa leni ile nilitakiwa kumpisha mwenye njia, nikampisha. Nikampisha na aliyemfuata. Kwenye kipande hicho Thika Road ina leni nne kila upande, na wenye njia hawaishi. Tangu Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi Novemba 2012, sidhani kama imewahi kupita dakika moja ya mchana ambayo mtu mpole angeweza kuingia kutoka Roysambu bila kumkwaza mwenzake.

Na upole wangu niliulipia karo. Kila aliyejifunza udereva Kenya anaujua ule ubao: meza yenye mji mdogo, barabara zilizochorwa mistari, njia panda, reli, na vigari vya kuchezea. Mwalimu anasema, "Umetoka hapa, unaenda hospitali," nawe unasukuma kigari kwa kidole huku ukitangaza matendo yako: natazama kioo, nawasha indiketa, nasimama, natazama kulia, kushoto, kulia tena. Siku ya mtihani unasimamishwa mbele ya ubao kama huo, na mkaguzi anakutazama kidole. Mezani nilikuwa hodari. Nilivyouzunguka mzunguko wa barabara, mwalimu aliwaita wengine waje watazame. Hakutueleza kwamba mizunguko ya Nairobi huendeshwa na askari wa trafiki mwenye glavu nyeupe, ambaye hana haja ya kujua umetoka leni gani wala mwalimu wako alikusifu vipi.

Ila kuna jambo moja ambalo ubao hauwezi kulifundisha hata kwa mwalimu bora, nalo ni mwendo. Vigari vyote vimesimama isipokuwa kile ulichokishika. Mji mzima unakungoja. Ukisimama, hakuna kinachobadilika, kwa hiyo kusimama ndiyo adabu, ndiyo usalama, ndiyo alama za mtihani. Unatoka pale ukiamini kwamba shida yoyote ya barabarani hutatuliwa kwa kukanyaga breki na kuwatazama wengine kwa unyenyekevu.

Jana usiku sikulala. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu, na naona ni lazima niieleze, maana ilinipendeza kuliko inavyostahili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kigari changu, kikiwa kimenibeba mimi, Shangazi, viazi vya Shangazi na kabeji za Shangazi, kinahitaji kama sekunde 12 kutoka kusimama hadi kufikia kilomita hizo 80. Katika sekunde 12 mimi nitakuwa nimesogea mita 130 hivi, ilhali anayekuja nyuma atakuwa amepita zaidi ya 260. Maana yake ni kwamba ili nisimtie mtu hofu, lazima leni iwe tupu mita 130 nyuma yangu pale ninapoondoka, na hapo sijaweka akiba ya usalama. Mita 130 za lami tupu, Thika Road, mchana! Zikionekana, basi Rais anapita.

Sasa ingia ukiwa tayari na kilomita 80. Tofauti ya mwendo kati yako na wa nyuma ni sifuri. Hakukaribii, humkaribii, akitaka anaweza kukuhesabia vifungo vya shati. Nafasi ya sekunde mbili mbele na sekunde mbili nyuma inakutosha kuingia, na nafasi za namna hiyo zilinipita pale Roysambu moja baada ya nyingine nikiwa nimezifumbia macho kwa sababu nilikuwa nikizipima kwa rula ya mtu aliyesimama. Hiyo ndiyo kazi ya ile leni ya pembeni. Wahandisi huipa urefu kulingana na mwendo wa barabara kuu, ili gari likimbie humo ndani hadi lilingane na wenzake, kisha dereva atazame kioo, ageuze shingo kidogo kuchungulia pale kioo kisipofika, awashe indiketa, ateleze. Ukiufikia mwisho wake ukiwa umesimama, umeshaitumia yote bila kupata kitu.

Makanga hakuhitaji kalamu. Nilipokuwa nikijikokota kwenye leni ya kwanza, matatu yake ikaja nyuma yangu ikiongeza moto, naye bado alikuwa chini. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Hakusimama akangoja gari limfikie. Alianza kukimbia nalo, mlango ukamkuta miguu yake ikiwa na kasi ile ile, akashika chuma, akapanda kwa utulivu wa mtu anayeingia sebuleni kwake. Mwanamume huyu hufanya hivyo mchana kutwa, mbele ya macho ya jiji zima, na mimi nilikuwa nimelipa karo kusukuma plastiki kwa kidole.

Walipotupita, alinionyesha dole gumba. Nililipokea.

Kabla ya Muthaiga magari yote yakasimama. Hakukuwa na ajali wala askari wala ng'ombe. Shangazi akauliza, "Hawa nao wangoja nini?" na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa na jibu. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, Yuki Sugiyama na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningetoa chochote kulishuhudia. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaagiza madereva waende kilomita 30 kwa saa, wote sawasawa, wafuatane. Basi. Hakuna taa, hakuna shimo, hakuna muuza njugu. Kitambo kidogo, mmoja akasogea mno, akapunguza. Wa nyuma yake akapunguza zaidi kwa tahadhari. Wa nyuma yake zaidi tena, hadi mmoja akasimama kabisa, na msongamano ukazaliwa pasipo mzazi. Kisha ukaanza kutembea. Magari yanakwenda mbele, msongamano unarudi nyuma, kwa kasi ya kama kilomita 20 kwa saa. Kila anayefika anaukuta, anasimama, anautoka, anawaachia wengine.

Nilimweleza Shangazi yote hayo kwa mikono miwili, kwa kuwa tulikuwa tumesimama. Akafikiri. "Yaani ile breki yako ya Roysambu," akasema, "sasa hivi iko wapi?"

Nikapiga hesabu. Ilikuwa inakaribia Githurai.

Sipendi jinsi nilivyochekwa, lakini kuna lisilochekesha. Uingereza ilifungua kipande chake cha kwanza cha barabara ya kasi kule Preston mwaka 1958, na haikuwaruhusu wanagenzi kuingia kwenye barabara hizo hadi 2018, tena wakiwa na mwalimu aliyeidhinishwa kwenye gari lenye breki mbili. Miaka 60 watu walikuwa wakipewa leseni na kutupwa humo peke yao. Kwa hiyo si sisi tu. Ila sisi tumeziweka barabara hizi katikati ya nyumba za watu. Zile leni nane zimepita kati ya mtu na duka lake, kati ya mtoto na shule yake; daraja la miguu liko kule, kituo cha matatu kiko huku, na mtu aliyetembea tangu alfajiri anapiga hesabu yake kama mimi, ila yeye akikosea hapigiwi mbinja. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Hawakuwa wamekosea leni. Walikuwa wanavuka. Na anayewakuta katikati ya lami, kwa kilomita 80, ni mtu aliyefuzu kwa kidole. Aliyetoza karo alijua hivyo. Aliyetia sahihi alijua hivyo. Mimi nikisimama kwa hofu, eti mimi ndiye hatari.

Tuendelee. Pale Muthaiga niliamua kuacha nafasi ya sekunde mbili mbele yangu kama inavyotakiwa. Matatu ikaingia humo. Nikarudi nyuma nikaacha nyingine. Ikaingia probox yenye mayai. Ningeendelea kwa utiifu huo ningefika Thika kinyumenyume.

Kwenye Expressway nilitarajia heshima, kwa sababu unalipa. Ni kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo, kipande kirefu kikiwa juu ya nguzo, mwisho wa mwendo ni kilomita 80, boda boda haziruhusiwi, na hakuna mtu wa kuvuka. Tuliingilia Museum Hill. Niliingia nikikimbia, nikalingana na wenzangu, nikateleza, na Shangazi akasema "Mashaallah." Nilifurahi kiasi kwamba nilikaa leni ya kulia nikiimba. Kibao cha SGR kilipotokea, kulikuwa na basi kushoto kwangu, refu, lisilo na haraka. Nikapunguza, nalo likapunguza. Nikaongeza, likaongeza. Njia ya kutokea ikapita chini ya kioo cha Shangazi, akaifuata kwa macho hadi shingo ikakataa.

"Si ile?"

"Ndiyo ile."

"Rudi, basi."

Hairudiwi. Barabara hii ilipofunguliwa kwa umma Mei 2022, zilisambaa video za watu waliopitiliza njia yao wakarudi kinyumenyume, wengine wakageuza kabisa wakawakabili wenzao. Sheria ni nyepesi: ukiipita, umeipita, nenda hadi inayofuata. Nilimweleza Shangazi hivyo kwa kirefu, kwa mifano, na maelezo yalikuwa mazuri kiasi kwamba Syokimau nayo ikapita.

Mlolongo nilisimama mbali mno na dirisha la kulipia, na nilipofungua mlango ili nifike, mkanda ukanirudisha kitini.

Shangazi hakungoja nimalize kulipa. Mbele kidogo, nilipomshusha ili anyooshe miguu, aliita boda boda, akaelewana bei na kijana kwa maneno matatu, akafunga viazi nyuma kwa mpira, kabeji akazipakata. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe, si mbali, ni kugeuza tu na kufuata Mombasa Road ya chini. Akanishika shavu. "Wewe pumzika, mwanangu," akasema. "Umechoka."

Jioni akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Amefika Mombasa salama, treni ilikuwa safi, viazi havikuharibika. Alimwombea dua yule kijana wa boda boda, akamtaja mara mbili, kwamba ana heshima, kwamba hukata kona vizuri. Akamwombea na makanga wa Roysambu. Ndugu wakaitikia amina mpaka simu ikaishiwa chaji.