Nani Kasema?

Jamani, mwenye undugu na hawa wabunifu wa tovuti awafikishie salamu zangu, na zisiwe za heri.

Nafungua habari nijue mgeni rasmi kasema nini. Maneno yake nayakuta yamelazwa ubavu, membamba, kijivu juu ya weupe. Miwani ninayo, tena ya daktari si ya machinga, na bado nakunja uso. WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zimfae kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Wapi! Wino wote wameumalizia kwenye alama ya kunukuu, kubwa kama mundu, imening'inia pembeni.

Mimi afadhali. Jirani yangu Mwalimu haoni kabisa. Kompyuta yake humsomea kwa NVDA, programu inayotamka yaliyomo kwenye skrini. Mundu ule haumfai kitu. Programu inafuata msimbo: nukuu ikifungwa ndani ya tagi ya blockquote, humtangazia inapoanza na inapoishia. Ikiachwa wazi, mgeni rasmi na mwandishi wanakuwa mtu mmoja. Juzi kaniuliza, "Mzee mwenzangu, huyu anayeahidi barabara ni kiongozi au ni mwandishi?" Nikamwambia siku hizi hata sisi wenye macho tunabahatisha.

Halafu kuna walioigundua hiyo blockquote, wakaona inasogeza aya ndani kidogo. Basi, kila wanachotaka kisogee wanakitumbukiza humo: anuani, bei, tangazo la kiwanja. Mwalimu anatangaziwa nukuu, anakaa sawa asikilize hekima, anasomewa namba ya dalali! Kusogeza aya ni kazi ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, nayo ipo tangu 1996. Anayeanza kuitumia leo hajawahi, kachelewa.

Kinachonimaliza ni ule mtindo wa kuchomoa sentensi tamu kwenye habari na kuibandika tena katikati ya ukurasa kwa herufi za bango. Mwenye macho anairuka. Mwalimu anasomewa zote mbili, ilhali neno aria-hidden kwenye lile bango lingetosha kuinyamazisha programu. Sasa kwa hesabu yake tumeahidiwa barabara mbili, na jana alikuwa ananiuliza ya pili itapita wapi. Nimjibu nini, wakati ya kwanza haijamwagiwa hata kifusi?