Jinsi ya Kulaza Mitambo Garini

Kwanza kubali kwamba huna pengine pa kuiweka. Wanaosema mitambo ya muziki hailazwi garini ni watu wenye stoo. Wewe una chumba na sebule ghorofa ya tatu, Bakarani, na ngazi zake ni nyembamba hata kitanda chako kilipandishwa kwa kamba kikaingilia dirishani. Harusi imemalizika saa nane za usiku, maana bwana harusi alikuwa na wajomba wengi na kila mjomba alikuwa na wimbo wake. Vijana wanne waliokupakilia wamelipwa, wamepanda bodaboda wawili wawili, wameenda zao. Umebaki na Probox iliyodidimia nyuma kama kuku anayeatamia. Ndani mna besi mbili za inchi 18, spika nne za juu, jenereta, na harufu ya biriani. Dereva ni wewe, fundi mitambo ni wewe, na mlinzi bado hajaajiriwa.

Wazee wa tarabu walikuwa na raha yao. Udi, chombo kilichompa jina marehemu Zein l'Abdin, unalala popote anapolala mwenyewe. Taishokoto, iliyozipamba nyimbo za Zuhura Swaleh, ingeingia chini ya kitanda na nafasi ya viatu ikabaki. Kisha kikaja kinanda cha umeme. Kinanda kikataka amplifaya, amplifaya ikataka spika, spika zikataka jenereta kwa sababu umeme nao una safari zake, na siku hizi bibi harusi haingii ukumbini mpaka maji yatikisike ndani ya chupa. Sanaa ilipofika hapo ndipo maegesho yalipoanza kuwa sehemu ya muziki.

Mlinzi wako wa kwanza ni uzito, naye halipwi. Boksi la besi mbili za inchi 18 lina kilo za mtu mzima aliyeshiba. Mwizi anayelitaka anahitaji wenzake watatu, wenzake watatu wanahitaji pikapu, na pikapu inahitaji mafuta na dereva asiyekuwa na mdomo. Wizi wa namna hiyo si wizi tena, ni kampuni, na kampuni huwa haikurupuki saa tisa usiku bila kikao. Kwa hiyo pakia kinyume na mazoea. Wengi huweka vitu vidogo karibu na mlango wa nyuma ili viwe rahisi kutoa, na kweli vinakuwa rahisi kutoa, kwa kila mtu. Wewe anza na vidogo, kisha vizibe na besi, mgongo wa mbao ukitazama nje. Atakayefungua mlango akutane na ukuta.

Kinachobebeka kwa mkono mmoja kisilale garini kabisa. Miksa, maiki na laptopu vipande na wewe hadi ghorofa ya tatu. Mkeo ataamka aulize mbona miksa imelazwa upande wake. Mjibu kwa upole kwamba ndiyo iliyolipa kodi ya mwezi uliopita, kisha wewe lala sebuleni.

Nyaya nazo zipande, hata kama mgongo unalia. Hili wengi hulipuuza, eti ni waya tu. Machoni pa mnunuzi wa vyuma chakavu hakuna waya, kuna shaba kwa kilo. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu minara ya umeme ilikuwa inafunguliwa vipande na kuuzwa, na ikairuhusu tena miezi michache baadaye. Mtu aliyethubutu kupanda na spana kwenye mnara wa stima kubwa, unadhani ataogopa mita 20 za waya wa spika zilizozungushwa kwenye kiti cha mbele?

Sasa tuje kwenye shuka. Kila mshauri atakwambia ufunike mitambo ili isionekane. Sawa, lakini umfiche nani? Tangu saa kumi jioni mitambo hiyo imekuwa ikijitangaza kutoka Mlaleo hadi Mshomoroni. Mtoto anayenyonya anaijua. Mwizi mwenyewe, kama ni wa mtaa, alikuwepo harusini, alicheza, na pengine alikusaidia kusogeza jenereta. Probox iliyodidimia nyuma, yenye shuka la maua limevimba pembe nne, haifichi kitu. Inaongeza hamu tu.

Mimi nafuata madhehebu mengine: tangaza. Nenda duka la rangi uulize ile kijani iliyokaa rafuni miaka kwa kukosa mnunuzi, uipake kwenye maboksi yote. Andika jina lako la kazi kila upande, herufi za kusomeka kutoka barabarani. Kisha fungua boksi uandike tena ndani, kwenye mbao nyuma ya koni, mahali ambapo mtu hafiki bila bisibisi. Namba za mashine zipige picha. Maana kuiba ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuuza, na wanunuzi wa besi kutoka Mtwapa hadi Ukunda ni wale wale, wanajuana, wanakodishiana, wanadaiana. Hata ikipakwa rangi mpya, harusi ya kwanza itakayopigiwa itakuwa na shangazi mmoja kwenye mkeka atakayesema, "Mbona besi hii inakoroma kama ile ya Bakarani?" Shangazi huyo haombi cheti cha umiliki, na kabla maharusi hawajakaa, simu yako itakuwa imeshaita.

Namna ya kupaki, waulize watu wa Changamwe. Pale Magongo na Port Reitz malori ya bandarini yamelala nje miaka yote na mizigo isiyo na mfano, na madereva wake wana elimu isiyofundishwa chuoni. Trela mbili hugeuziana migongo hadi milango ya kontena haina nafasi ya kufunguka. Utingo naye analala palepale, chini ya trela au juu ya mzigo, sikio moja wazi. Utingo huna, lakini mgongo wa gari unao. Mlango wa nyuma wa Probox hufunguka kwa kupanda juu, na ili upande sharti urudi nyuma kwanza. Rudisha gari hadi bampa ibusu ukuta. Msikiti ni bora kuliko baa, kwa sababu kabla ya alfajiri patakuwa na watu wazima, macho makavu, wanaokujua wewe na mamako.

Wakaazi wa Likoni mna bahati ambayo hamjaitambua. Harusi ikiwa kisiwani, usikimbilie Dongo Kundu. Barabara ile itakufikisha ng'ambo haraka, na kufika haraka ndiko kunakoleta swali la kupaki wapi. Ingia foleni ya feri. Pana taa, pana askari, pana kamera, pana muuza kahawa na kashata, na gari halisogei. Hakuna maegesho ya kulipia pwani nzima yenye huduma kama hizo. Saa ya kuondoka ikifika, walio nyuma yako watakuamsha kwa honi bila malipo ya ziada.

Ipo sehemu salama zaidi ya hapo, nayo ni uani kwa polisi. Kuingia ni rahisi: Kanuni za Kelele na Mitetemo za mwaka 2009 zinakataza kelele za kupita kiasi na zinataka kibali kwa vipaza sauti, kwa hiyo zidisha sauti baada ya saa sita karibu na nyumba ya mtu mwenye presha. Spika zitachukuliwa, zitaandikwa, zitalindwa na serikali. Ubaya ni kwamba zitalindwa hata dhidi yako.

Bima nisiirefushe. Wengi wetu tuna ile ya thadi pati. Ukiligonga gari la mwenzako likiwa na spika, zake zina mtu wa kuziuliza. Zako zikiibwa, umepata hadithi.

Na mwizi asipokuja, jua litakuja. Ukilala hadi saa nne, gari lililofungwa vioo litakuwa limeshapika gundi ya maboksi, betri za maiki ulizozisahau, na ile biriani. Upepo wa bahari nao huingia bila kuvunja kufuli. Angalia ncha za nyaya zinavyoota ukijani. Kwa hiyo usingizi wako unahesabiwa kutoka saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi, na ndani yake mna miamko ya kwenda dirishani.

Kupunguza miamko, tafuta soja. Sisemi wale vijana wa maskani wanaokesha wakitafuna muguka, ingawa Mei 2024, gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipotangaza kupiga marufuku majani hayo, walisikika wazazi, wakaja juu wakulima wa Embu, na hakuna aliyewauliza wenye mitambo ni nani mwingine hukesha mtaani bure. Sitetei muguka. Nasema tu macho yale yalikuwa wazi. Lakini kesha la bure lina maswali yake, afadhali soja wa duka la jumla, mwenye rungu, tochi na kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa mpira.

"Ami, shikamoo. Nina mzigo kidogo hapa."

"Marahaba. Nimeuona, na mtaa mzima umeuona. Wataka nilinde nini hasa?"

"Besi, ami. Hizo besi mbili."

"Mia mbili. Na kahawa."

Kubalianeni, mpe kahawa kwanza, pesa asubuhi. Na kabla hujapanda ngazi, rudia kumtajia kila kitu unachotaka kilindwe, kimoja kimoja, hata kama usingizi umekushika. Usione aibu kuonekana msumbufu.

Asubuhi utashuka. Ukuta upo, bampa bado imeubusu, na nyuma ya kioo besi zote mbili zimekaa, kijani tupu. Shukuru, ingia, washa. Gari halitaitika, hata mlio wa kubofya. Fungua boneti utazame pale betri ilipokuwa.

"Walikuja wawili," soja atakueleza, akikunja kiti. "Niliwaambia waziwazi: besi haziguswi. Na hawakuzigusa."

Mlipe mia mbili yake. Kazi mliyokubaliana ameifanya.