Wazee Wanne Walioshika Paa

Gari la baba mdogo lilinifikia kama urithi unavyofika: hukulichagua, na kulikataa mbele za watu huwezi. Ni Land Cruiser ile fupi yenye taa mbili za duara, gari lenye sura ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Toyota walianza kuuza jamii yake mwaka 1960 na wakaacha kuiunda 1984. Baba mdogo alilinunua mnadani Kibondo, enzi zile mashirika ya kuhudumia wakimbizi yamejaa wilayani na magari yenye bendera yanakaribia kuwa mengi kuliko mbuzi. Akalibebesha maharage mpaka magoti yake mwenyewe yakagoma, ndipo akanikabidhi funguo hapa Kasulu. "Mwanangu," akasema, "hiki ni chuma."

Kwa heshima yake nilinyamaza. Ila paa halikuwa chuma. Paa la magari yale ni fiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini ya poliesta zikakauka, nalo limekalishwa juu ya ukingo wa bati wenye mfereji wa maji ya mvua. Si jambo la ajabu. Wamarekani waliwahi kuunda bodi nzima ya fiba, Chevrolet Corvette ya 1953, na mwaka ule wa kwanza walitoa magari 300 tu, kazi kubwa ikifanywa kwa mikono. Shida iko pale fiba inapokutana na bati. Jua likiwaka, kila mmoja anatanuka kwa kipimo chake. Barabara ikitingisha, kila mmoja anatingishika kivyake. Ukiongeza na njia ya Kasulu kwenda Kibondo kabla ya lami, ndoa hiyo haifiki mbali. Kufikia zamu yangu, sehemu ya mbele juu ya kioo ilikuwa imeachia kiasi cha kupitisha vidole vinne. Nikienda polepole paa lilipiga makofi. Nikikaza mwendo lilipiga mluzi.

Nikaingia madukani na swali moja: "Gundi gani ni kali kuliko zote?"

Swali hilo ndilo lililoniponza.

Kijana wa duka la kwanza aliniuzia supagluu, vichupa kumi na viwili, kwa uso wa mtu aliyemaliza mauzo ya wiki. Kemikali yake aliikuta Harry Coover mwaka 1942, wakati wa vita, katika kutafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Aliiweka kando kwa sababu ilikuwa inaganda kwenye kila kitu. Mimi nathibitisha. Gundi ile inataka sehemu mbili zilizobanana, si pengo la vidole vinne, kwa hiyo ilitiririka mferejini ikashuka mpaka mkononi. Nikabaki nimesimama juu ya ndoo, kidole gumba na cha shahada vimeungana na Toyota. Akapita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

Alisubiri kidogo nishushe mkono. Sikushusha. Akaondoka anageuka nyuma kila hatua tatu, na mimi nikaendelea kusimama kama sanamu ya mpigania uhuru mpaka mke wangu alipokuja na beseni la maji ya moto na sabuni. Kesho yake paa lilikuwa limeachia tena. Kipande cha ngozi yangu ndicho kilichobaki palepale.

Fundi wa madirisha ya alumini akasema dawa ni silikoni, ile anayozibia vioo vya maduka. Ilipakika vizuri, laini, ikazuia maji, na kwa siku kumi na mbili niliendesha nikijiona bwana. Siku ya kumi na tatu, mteremko mmoja na shimo moja, ikabanduka yote kwa pamoja kama ganda la ndizi mbivu. Ubaya wa silikoni si kubanduka. Ubaya ni inachoacha nyuma. Inaacha utando usioonekana, na juu ya utando huo rangi haishiki, gundi nyingine haishiki. Ni kama mpangaji anayehama na kukuachia kunguni.

Hilo sikulijua nilipoanza jaribio la tatu, nililolibuni mwenyewe. Nilijiambia fiba imezaliwa na rezini, na damu ni nzito kuliko maji, basi iunganishwe kwa rezini. Nikanunua kopo, mkeka wa fiba na kichupa cha hadna. Rezini ya poliesta inataka hadna kidogo mno, sehemu moja au mbili katika mia. Mimi nafundisha Kiswahili. Asubuhi ilikuwa ya baridi, baridi yetu ya milimani ambayo wageni kutoka Dar huwa hawajaibebea sweta, na rezini kwenye baridi inachelewa kukaza. Nikangoja dakika kumi, nikaongeza hadna. Nikangoja tano, nikaongeza, kama mtu anayeonja chumvi kwenye maharage.

Kosa jingine lilikuwa chombo. Nilichanganyia kwenye boksi jeupe la chipsi mayai, lile jepesi linalolia kwich ukiligusa. Ndani ya rezini mna stairini, na boksi lile limeundwa na stairini hiyohiyo. Wakikutana, boksi linayeyuka. Chini pakatoboka, mchanganyiko wote ukatua kwenye ndala yangu ya kushoto. Hapo hadna zote nilizokuwa nazirundika zikaamka kwa wakati mmoja. Ndala ikaanza kutoa moshi. Nilitoka mbio na mguu mmoja, jirani akiuliza juu ya ukuta kama ni radi, maana sisi wa Kigoma kila moshi una maelezo. Ndala hiyo ninayo mpaka leo. Inazuia mlango wa stoo na haijawahi kusogea.

Kilichobaki koponi nilikipaka vizuri, nikapiga msasa, na vumbi la fiba likanipa mwasho wa upupu. Siku tatu nilifundisha ngeli za nomino nikijikuna mgongo kwenye fremu ya mlango. Lakini paa likakaa. Nilitangaza ukoo mzima kwamba gari limepona.

Ndiyo maana wakanipa kupeleka posa ya mpwa wangu Kibondo.

Tuliondoka alfajiri. Mbele kushoto alikaa Shangazi, nyuma wazee wawili na mshenga, miguuni kreti za soda. Kabla hatujafika Makere tukapigwa na kipande kimoja cha bati-bati, nikasikia sauti ya kitambaa kikichanika, na jua likaingia mahali ambapo halikuwa likiingia. Rezini yangu ilikuwa imekauka ngumu kama sahani, na kama sahani ikapasuka. Juu ya utando wa silikoni haikuwa imeshika hata kidogo.

"Shikeni paa!" Shangazi akaamuru. Akatoa mkono dirishani, akalibana kwa juu. Nyuma wakasukuma vioo, na wao wakatoa mikono.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Watu wa kando ya barabara wanaona nini? Gari la zamani lenye heshima, wazee waliovaa vizuri, mikono imeinuliwa nje. Wakapunga. Watoto wakakimbia nyuma ya vumbi. Karibu na Mvugwe akina mama waliotoka shambani wakapiga vigelegele, na mzee mmoja mwenye baiskeli iliyosheheni ndizi akajikaza kwenda sambamba nasi, akatusalimu.

"Mwakeye! Na barabara je? Lini?"

Mshenga, bila kuachia paa, akajibu kwa sauti ya jukwaani: "Inakuja!"

Miaka kadhaa baadaye ikaja kweli, lami ya kutoka Manyovu kupitia Kasulu mpaka Kabingo, kilomita zipatazo 260. Mshenga mpaka sasa hakubali kuambiwa kwamba ahadi ile haikuwa yake.

Wakwe walituona tunaingia uani mikono yote iko juu, mmoja wao akauliza taratibu kama tumetekwa. Tulipotelemka, kila mzee alikuwa na mkono mmoja mweusi na mmoja mwekundu kwa vumbi hadi kwapani. Posa ilikubaliwa. Nadhani walituonea huruma.

Mjomba wa binti ndiye aliyenifuata kwenye gari baada ya chakula. Alikuwa fundi; ujana wake wote aliziba boti za fiba Kigoma mjini. Akaniuliza nimepaka nini. Nikamtajia vyote kwa mpangilio, naye akasikiliza kama daktari anayesikiliza mgonjwa akiungama mitishamba.

"Mwalimu, umetafuta gundi kali. Paa hili linacheza. Gundi kali haijui kucheza. Hapa panataka ile ya kubandikia vioo vya mbele."

Alikuwa anasema poliyurethani, inayokauka huku imebaki kama mpira. Nilidhani kazi ni kupaka. Kupaka kulichukua robo saa. Kabla yake kulikuwa na siku nzima ya kukwangua silikoni yangu kwa wembe, kisha msasa namba 80 mpaka ule mng'aro wa fiba uishe, kisha asetoni, kisha kuzuiwa kabisa kugusa kwa vidole. Juu ya ukingo akapanga vipande vya ndala kuukuu vya unene wa milimita tatu hivi, ili paa likishuka lisiikamue gundi yote nje. Likafungwa kwa mipira ya matairi na kuwekewa magunia mawili ya maharage. Jioni mvua ikanyesha juu ya kibanda cha fundi, nikaanza kulalamika kwamba gundi haitakauka. Akacheka mpaka akakaa chini. Gundi ile inakaushwa na unyevu wa hewani.

Sasa paa haliingizi hata pumzi. Limebana kiasi kwamba ukiwa umefunga vioo vyote mlango haufungiki. Hewa haina pa kutokea, unaubamiza na unarudi. Lazima ushushe kioo kwanza, na wakati wa masika mvua inaingilia hapohapo.

Shangazi huwa anakishusha na kukiacha hivyo. Juzi tulikwenda Kibondo kumwona mtoto wa mpwa. Lami nyeusi, gari limetulia, spidi themanini. Tulipokaribia Makere mkono wake ukatoka wenyewe dirishani ukashika paa, na mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo akasimama, akatupungia.