Hedi Kubwa, Foleni Ndefu

Silinda hedi husaidia kuamua hewa kiasi gani iingie kwenye injini na moshi utoke vipi. Kwa hiyo kijana wa Samburu aliyejaliwa Subaru ya EJ20, injini ambayo silinda zake zimelala pande mbili na hivyo hudai hedi mbili na gharama mbili, huanza kwa kusaka hedi yenye matundu makubwa kuliko zote. Matundu makubwa huonyesha ubingwa wake pale injini inapozunguka kwa kasi sana. Ikizunguka polepole, hewa hupita kwa uvivu, petroli haichanganyiki vizuri, na gari huvuta kinyonge. Sasa, Barabara ya Mombasa inayopita kwao, kati ya Taru na Mariakani, ni ya malori. Humo mizunguko ya chini ndiyo maisha yenyewe. Akitaka kuonekana Diani kwa kupitia Mombasa mjini, kuna feri ya Likoni, ambako nguvu zote hizo za farasi husubiri zamu nyuma ya mkokoteni.

Chumba cha mwako nacho kina hesabu yake: kikipunguzwa, mgandamizo hupanda, na injini ya turbo huanza kugonga hadi pistoni ipasuke. Halafu zimebaki gharama za gasketi, boliti, kemshafti na fundi wa kupanga upya kompyuta ya gari.

Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Hedi ya kiwandani, mradi haijapinda kwa joto, huifikia kasi hiyo bila jasho, na pesa zilizosalia zinatosha kununua breki.