Tunaomba Mturudishie Ada

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, pamoja na ndugu zenu wa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA ADA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwanza tunashukuru. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Januari 2016 watoto wakafurika madarasani, na mwaka 2022 neema hiyo ikapanda hadi kidato cha tano na sita. Hayo hatuyabezi. Ila tumekaa, tumepiga hesabu, na kwa unyenyekevu tunaomba ada irudi, kwa kuwa ndiyo gharama pekee ya shule ambayo mzazi aliijua kabla haijamfikia.

Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ya bweni 70,000. Ilikuwa na kiwango na ilikuwa na stakabadhi. Shule ya msingi haikuwa na ada kabisa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo huko mlichokifuta mwaka 2016 kilikuwa michango, na michango ndiyo hiyo ambayo bado ipo. Labda ndiyo maana siku hizi viongozi wamehama kutoka “elimu bila malipo” kwenda “elimu bila ada”. Mmesahihisha jina, tunawapongeza. Kwa mtoto wa darasa la tatu, hata hivyo, jina jipya linafuta kitu kilichokwisha kufutwa kabla hajazaliwa. Sare, madaftari, kalamu na chakula mlikwisha kutueleza katika Waraka Na. 3 wa 2016 kwamba ni juu yetu, nasi hatukubisha. Fomu ya kujiunga nayo ina rimu, fagio, jembe na ndoo, na kwa wa bweni godoro. Angalau hiyo imeandikwa. Tatizo ni yale yanayofika kwa mdomo wa mtoto, jioni, wakati sufuria iko jikoni: hela ya mlinzi, hela ya mtihani wa wiki, masomo ya ziada, uji, kitambulisho, mahafali. Hayo yote yanaitwa hiari.

Hiari tunaijua. Sisi ni taifa la kadi za mchango wa harusi. Tunachangishana mpaka waliooana wanashangaa. Lakini harusi ina kamati inayosoma mapato na matumizi, na asiyechanga anakosa ukumbi tu. Katika hiari ya shule, asiyechanga anasomwa jina mstarini. Rais Magufuli aliliona hilo Januari 2018, akapiga marufuku mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Marufuku ikasikika nchi nzima, isipokuwa kwa bei ya rimu.

Mtasema walimu wakuu ndio wakaidi, na kila Januari kuna mmoja wa kuonywa hadharani. Tuwatetee kidogo. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichopangwa wakati ambapo fedha hiyo ilikaribia dola 10; leo haifiki dola 5. Na katika hiyo, 6,000 ndiyo inayopelekwa shuleni moja kwa moja, nyingine ikibaki kwa ajili ya vitabu. Sita elfu kwa mwaka ni 500 kwa mwezi, hela isiyotosha hata soda. Shule ya watoto 400 inapata 200,000 kwa mwezi, itoe humo chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji na ukarabati, na mlinzi naye ale. Mwalimu mkuu akiomba, amevunja waraka. Asipoomba, mtihani unaandikwa ubaoni na choo kinabomoka. Mnamwita mkaidi mtu mliyempa kikokotoo kibovu.

Mtasema pia kwamba mtoto ni wa mzazi, na kujitegemea ndiyo asili yetu. Sawa. Basi tutajieni kiasi. Mchango usio na kiwango humlemea zaidi asiye nacho: mwenye mshahara anatoa hela ya mtihani bila kuuliza, na kibarua mwenye watoto wanne anaulizwa mara nne. Tena ada ilikuwa na heshima moja, kwamba mtoto aliyeishindwa aliandikwa mahali fulani na akaweza kuombewa msamaha. Anayeshindwa hiari haandikwi popote. Anaitwa mtoro.

Kwa hiyo ombi letu ni jepesi. Ama pandisheni ruzuku mpaka imtoshe mlinzi na karatasi, ama turudishieni ada yenye namba, tarehe na stakabadhi, tupange maisha. Kuhusu kuendelea na bure hii, tunahofia hatuimudu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wazazi wa hiari

Nakala: Mwalimu Mkuu. (Atakayehitaji nakala ya ziada aje na rimu.)