Mhadhara wa Mbobezi Kuhusu Karatasi za Waingereza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana, na nyinyi mliofuata chai na maandazi: itifaki imezingatiwa. Kaeni. Mbele yenu amesimama mbobezi pekee wa mikataba ya Kiingereza kuanzia hapa mpaka stendi, cheo nilichojivika mwenyewe baada ya kukosa mshindani. Zimeni simu. Toeni kalamu.

Mtu wa kawaida, maskini ya Mungu, hudhani "agreement", "contract", "treaty", "pact" na "deed" ni ndugu wa tumbo moja. Husaini popote aonapo mstari wa nukta. Muulize umesaini nini, atakujibu: "Makaratasi." Mimi nimekesha na makaratasi hayo mpaka mke wangu akataka naye aandikiwe lake, na leo nawafunulia siri yake. Mwingereza hakujiwekea majina yote hayo kwa kuwa ana ahadi nyingi. Aliyaweka ili siku ya ugomvi asikose la kuchagua.

Tuanze na "contract", karatasi yenye meno. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Bibi Carlill dhidi ya kampuni ya Carbolic Smoke Ball. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba atakayevuta dawa yake ya moshi mara tatu kwa siku, wiki mbili mfululizo, kisha akapatwa na mafua makali, atalipwa pauni 100. Na kuonyesha kwamba haitanii, imeshaweka pauni 1,000 benki. Bibi akavuta, akaugua, akadai chake. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya biashara tu. Majaji wakasema huo ni mkataba, lipeni. Pigeni makofi. Asanteni.

Sasa shusheni mikono. Mwaka 1919 mahakama hiyohiyo ilisikiliza shauri la Bibi Balfour. Mumewe alikuwa na kazi Ceylon, Sri Lanka ya leo, na alimwahidi pauni 30 kila mwezi huku yeye akibaki Uingereza kwa ajili ya afya yake. Ndoa ikaharibika, fedha zikakatika. Mahakama ikasema mke na mume wakiahidiana mambo ya nyumbani hawana nia ya kufikishana kortini, kwa hiyo hapakuwa na mkataba. Kwa hiyo ahadi ya muuza moshi inalipwa, ya mume ni porojo. Mabwana wa safu ya nyuma, mbona mnaandika kwa furaha hivyo?

"Deed" napita mbio: ni hati nzito iliyodai muhuri mpaka sheria ya 1989 ya Uingereza ilipowaondolea watu binafsi adha hiyo. "Pact" nayo haina maajabu. Mwaka 1928 mataifa 15, Ujerumani, Italia na Japani zikiwemo, yalitia saini mjini Paris kwamba yameachana na vita. Yaliyofuata mnayajua. Na "memorandum of understanding" waulizeni Wakenya: vyama vya NAK na LDP viliandikiana moja kabla ya uchaguzi wa 2002, vikashinda pamoja, kisha vikazozana juu ya karatasi hiyo mpaka serikali ikagawanyika. Watanzania msicheke. Mwaka 2023 tulibishana miezi kadhaa juu ya karatasi ya bandari na Dubai, viongozi wa serikali wakisema ni makubaliano tu, wakosoaji wakisema ni mkataba. Nilikaa karibu na simu. Haikuita.

Lakini mfalme wa karatasi zote ni "treaty", na hapa naomba hata wa maandazi watulie.

Mwaka 1904 Waingereza walikubaliana na viongozi wa Wamasai kwamba Wamasai waondoke malishoni mwao Bonde la Ufa, Kenya ya leo, walowezi wapate nafasi. Wengine waende Laikipia, wengine kusini. Karatasi ikaeleza mambo kwa utulivu mkubwa. Ikataja njia ya kuunganisha pande hizo mbili, yenye maji ya mifugo. Ikataja maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya jando. Na muda wake? Maadamu Wamasai wapo duniani.

Ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ikaletwa karatasi nyingine: wa Laikipia nao wahame, waende kusini. Baadhi yao wakakataa, wakatafuta mwanasheria, wakaishtaki serikali kwa kuvunja mkataba. Hawakurusha mkuki hata mmoja. Walikwenda mahakamani na karatasi mkononi, kama wenye serikali walivyokuwa wakiwahubiria watu kila siku.

Mwaka 1913 Mahakama Kuu ikaitupa kesi, na rufaa nayo ikagonga mwamba. Sababu? Karatasi ile, wakasema, si "contract". Ni "treaty", kwa maana Wamasai si raia wa Mfalme bali ni taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wake, na mambo ya mataifa hayasikilizwi na mahakama za kawaida. Wageni! Kwenye nyasi za babu zao! Walikuwa taifa la kutosha kuitoa ardhi, ila walipodai ahadi yao hapakuwa na hakimu wa kuwasikiliza. Laikipia ikabaki kwa walowezi.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa mamlaka yote niliyojipa: kabla ya kusaini usiulize kilichoandikwa ndani tu. Uliza siku mkigombana, nani atakayesema karatasi hii inaitwaje, na mahakama ipi itamsikiliza mwenzake.

Muda umekwisha, maswali sipokei. Ila mimi ninalo moja kwa mwandaaji, yule anayenyemelea mlango wa nyuma. Ile barua uliyoniandikia kuhusu posho yangu ya leo: ni "contract" au ni "treaty"? Naomba jibu kabla sijashuka jukwaani, tena mbele ya mashahidi hawa.