Mzee, Hilo Gari Linakwenda Wapi?

Swali hilo aliniuliza kijana wa bodaboda karibu na stendi ya Makambako, hivi karibuni, mchana kweupe, upepo wa Makambako ukivuma kama kawaida yake na watu wakiwa wamejaa pande zote mbili za barabara kana kwamba walikuwa wameitiwa tukio. Nilikuwa nimewasha indiketa ya kushoto. Nilikuwa nimekata usukani kushoto. Macho yangu yalikuwa kushoto, kwenye kituo cha mafuta. Land Rover ikaelekea kulia.

Nikaongeza kukata kushoto. Ikaongeza kwenda kulia.

Lori lililokuwa likitoka Mbeya likafunga breki hadi likainama, na utingo wake akatoa nusu ya mwili dirishani kuuliza leseni yangu niliipata kwa nani. Mimi nilikuwa nimeshavuka mstari, nimepita mbele yake, na safari yangu ikaishia juu ya viazi vya mama mmoja, vimefungwa lumbesa, gunia limevimba juu kwa kile kichwa cha ziada ambacho serikali imekipiga marufuku miaka nenda rudi. Lumbesa ikapasuka. Viazi vikaingia barabarani. Watoto wakaingia barabarani kufuata viazi. Mama mwenye mali akanitazama, akatazama indiketa ambayo bado ilikuwa ikiwaka upande wa kushoto, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Kamwene, baba. Umelewa saa hizi?"

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimeboreshewa stelingi.

Kisa chenyewe ni kwamba gari hili, Land Rover 109 Series III, lilikuwa zito kuligeuza. Nani hajui? Wazee waliokuwa wakiendesha magari haya enzi za miradi na parokia unawatambua kwa mabega. Nami nilikuwa na safari za kuteremka Ludewa, upande wa Nkomang'ombe na Mchuchuma, ambako kona haziishi, na kipande cha Lusitu hadi Mawengi walikijenga kwa zege kwa sababu milima ile na mvua yake haina adabu. Fundi akasema dawa ipo: boksi la pawa stelingi la Hilux. Linaingia bila shida.

Hapa naomba mnivumilie, maana mfumo wa stelingi ya zamani ya Land Rover ni jambo ambalo ningeweza kulieleza hadi msosi upoe. Magari ya Series III yalitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hayana haraka ya kufikisha habari kutoka mikononi mwa dereva hadi kwenye tairi. Ukizungusha usukani, nguzo yake inazungusha skrubu nene ndani ya boksi. Skrubu hiyo imevikwa nati, na kati ya nati na skrubu zimejazwa gololi ndogo zinazozunguka, zikifika mwisho zinarudi mwanzo kupitia kijibomba, zinaanza tena, maisha yao yote. Nati inasogea, inausukuma mkono. Mkono unasukuma fimbo ndefu kwenda mbele hadi nyuma ya grili. Pale imesimamishwa rilei.

Rilei ni bomba la chuma lililopita wima katikati ya boriti ya mbele ya shasi. Ndani yake kuna mhimili, na mhimili umebanwa na bushi zilizopasuliwa, na bushi zimebanwa na springi kali ajabu iliyokandamizwa humo kiwandani. Kazi ya springi hiyo ni kuleta ugumu wa makusudi, ili tairi likigonga jiwe teke lile lisifike kwenye vidole gumba vyako. Ugumu wa makusudi! Mzungu alikaa chini akabuni uzito. Mkono wa juu wa rilei unapokea habari, mkono wa chini unaipeleka kwa fimbo ya pili, fimbo ya pili inavuta tairi moja, na fimbo ya tatu inalivuta tairi lenzake.

Fimbo tatu, kila moja na boli jointi mbili. Jumla sita. Kila fimbo ina nyuzi za kawaida ncha moja na nyuzi za kinyume ncha nyingine, ili ukiizungusha irefuke au ifupike bila kuifungua, ubunifu ambao mimi kila nikiuona nataka kumpigia mtu makofi ila simjui. Lakini boli jointi zikilika, kila moja kwa unywele tu, ukijumlisha sita, ukaongeza boksi na kingi pini, unapata usukani unaoweza kuuzungusha robo nzima na tairi zisijue kama umeongea. Kiwandani walitaka tairi za mbele ziangaliane kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Si sentimita. Kwa fundi wangu kipimo ni kamba ya nailoni na jicho moja lililofumbwa.

Kwa hiyo mpango wa fundi ulikuwa na mantiki: ondoa boksi la zamani, ng'oa rilei, chomelea boksi la Hilux mbele kwenye shasi, funga pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kisha fimbo moja itoke kwenye boksi hadi kwenye tairi. Boli jointi nne badala ya sita. Kuing'oa rilei peke yake kuliomba nyundo, gasi, jeki ya lori na maneno ambayo mama yangu hakunilea nayo. Ilipotoka, ile springi ikaruka ikapita juu ya ukuta wa gereji, na hadi leo jirani hajairudisha.

Boksi la Hilux lina mkono unaoning'inia chini, unaopiga hatua mbele na nyuma. Kwenye gari langu mkono ule ukiwa chini uligonga springi ya mbele. Fundi akafikiri. Akauchomoa, akaugeuza, akaurudisha kwenye meno yake ukitazama juu. Ukapita vizuri kabisa, haugusi kitu.

Sasa shika kalamu uinamishe ncha chini, kisha izungushe kwa kuishika katikati. Ncha ya chini ikienda mbele, ya juu inarudi nyuma. Basi. Hiyo ndiyo fizikia yote iliyopasua gunia la viazi.

Kinachoniuma ni kwamba majaribio yalifanyika. Gari lilikuwa juu ya mawe, tairi za mbele ziko hewani, injini inaunguruma. Fundi akazungusha usukani kwa kidole kimoja. Tairi zikageuka! Gereji nzima ikashangilia. Kijana mmoja akapiga mluzi, mwingine akachukua video. Hakuna aliyeuliza zimegeukia wapi.

Kisha wakalisukuma hadi getini, likatazama barabara, nikakabidhiwa funguo. Mita za kwanza nilidhani ni ugeni wa pawa. Gari lilivuta kidogo upande, nikalirekebisha, likavuta zaidi, nikalirekebisha zaidi, likawa linakwenda kama mtu aliyetoka kwenye ulanzi mchanga akakuta ule mkali. Maana kosa la namna hii halitulii: kila unaposahihisha unaongeza, na jinsi unavyokuwa dereva mzoefu ndivyo unavyoharibu haraka. Mjinga angeliachia tu usukani akafika salama.

Niliporudi gereji, kwa kusukumwa, fundi alitazama, akacheka kidogo, akaacha. "Mzee, lakini si jepesi?"

Nikamwambia linakwenda kinyume.

"Ukizoea utaona ni sawa tu."

Yupo mhandisi wa Marekani, Destin Sandlin, aliyetengenezewa baiskeli inayogeuka kinyume na usukani wake. Mwaka 2015 alionyesha video ya jinsi ilivyomchukua kama miezi minane ya mazoezi ili aweze kuiendesha, na alipoweza, ile ya kawaida ikamshinda. Nilimweleza fundi habari hizi. Akaniuliza huyo Mmarekani gereji yake iko wapi.

Siku iliyofuata nikaletewa hesabu. Mstari mmoja: kufunga boksi, shilingi elfu tisini. Mstari wa chini yake: kuurudisha mkono chini na kuupa nafasi kwenye springi, shilingi elfu tisini. Mama wa viazi alikuwa ameshalipwa gunia zima la lumbesa, kwa bei ya lumbesa, mimi nikiwa mtu pekee wilayani niliyelipia kile kichwa cha juu bila kukila.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Springi za mbele zilibadilishwa pande, na kwa kuwa kiwanda kiliipinda zaidi ile ya upande wa dereva ili ibebe uzito, gari likawa linainamia upande wangu. Shokapu mpya zilianza kuvuja kabla ya kufika Njombe. Honi ikawa inalia yenyewe kila nikikata kona ya kulia.

Lakini boli jointi siwezi kuzipitisha kwa mzaha. Nilinunua mpya, ndani ya boksi zuri lenye nembo ya gundi na jina linalofanana na jina la kweli kwa herufi zote isipokuwa moja. Mpira wake ulipasuka kabla grisi haijachafuka. Nikanunua nyingine, duka lingine, sura ileile. Muuzaji akaniambia hali ndiyo hiyo, mzee, hizi zinatoka mbali.

Zinatoka mbali. Makambako tuna stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa vyuma vilivyovuka bahari kutoka China. Wilayani Ludewa, Liganga, serikali inatuambia kuna chuma tani milioni 126. Mchuchuma kuna makaa ya mawe tani milioni 428, wilaya ileile, makaa na chuma, kana kwamba Mungu mwenyewe alikuwa anafungua gereji. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini na kampuni ya Kichina mkataba wa mgodi, kiwanda cha chuma na umeme wa megawati 600, mradi wa dola bilioni 3. Wageni wanakuja kuuona mradi, wanapiga picha na kofia za njano, wanarudi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwabeba. Waliokuwa wanafunzi wa msingi mkataba ule ulipotiwa saini sasa ndio mafundi gereji, wanatoboa shasi ya Mwingereza kufunga boksi la Mjapani kwa bolti ya Kichina, na wanaifanya kazi hiyo kwa kuinama chini ya gari kwenye baridi la Julai, bila mashine ya kupimia chochote, bila kitabu, hakuna aliyewahi kuwafundisha mkono ukitazama juu unafanya nini. Mimi nacheka nao, lakini kuna siku nikiwatazama sicheki. Wamekalia mlima wa chuma, na mpira wa boli jointi wanausubiri bandarini.

Jana fundi kapiga simu. Anasema kapata breki za diski za Hilux, mbele zote mbili, zinaingia bila shida. Nikamwuliza: nikikanyaga, gari litasimama au litaongeza mwendo?

Akanyamaza kidogo. "Hilo, mzee, tutalijua barabarani."